Ufunguo wa Nyumba ya Samaki

“Kata basi! Kata, Faridi, tuone! Lakini uuage kwanza huo mukono, maana hautarudi nawe nyumbani.”

Bi Fahima alikuwa ameukalia mlango. Si kwamba alikaa mlangoni, la. Mlango wenyewe ulikuwa umelazwa chali juu ya makreti manne ya bia, katikati ya payote, lile banda la nyasi lisilo na ukuta ambamo hoteli ya Silvano huuza vinywaji. Yeye alikuwa amepanda juu yake, amekunja miguu kama mtu aliyeko kwenye mkeka wa kwao, kanga mbili mwilini, kandambili zimepangwa vizuri pembeni, akimtazama fundi Faridi na msumeno wake jinsi paka aliyeshiba anavyomtazama panya.

“Sijakata, Bi Fahima,” Faridi alisema. “Ningekuwa nimekata ungeona unga wa mbao.”

“Na hatutaona unga wowote mpaka ashuke,” alisema Silvano, mwenye hoteli. “Mama, shuka. Nakuomba. Wageni wanakula saa saba.”

“Wale. Nani amewashika midomo?”

“Wanakulia hapo ulipokaa!”

Ugomvi wenyewe ulikuwa huo, na ulikuwa umeanza tangu saa tatu asubuhi. Juzi Lameki, mzamiaji wa hoteli, alikuwa ameutoa mlango huo chini ya ziwa. Silvano alitaka Faridi aukate ncha zote mbili, aupigie miguu, uwe meza, ili mchana huo wageni wake wa vakansi, waliokuja likizo, wale samaki wa mukeke wa kuchoma juu yake na wapige picha, wakasimulie makwao kwamba wamekula juu ya mlango uliozama. Bi Fahima naye alitaka jambo moja tu: mlango upande naye Kizuka, kule juu anakoishi sasa, siku hiyo hiyo, mzima, usipungue hata upana wa ukucha, kwa sababu ulikuwa wake, wa nyumba yake iliyozama. Habari za mlango zilimfikia jana sokoni Rumonge. Usiku hakulala, na alfajiri alishuka kwa pikipiki, akamwambia dereva afunge breki kabla ya payote, na dereva alipochelewa kufunga akarukia mchanga mwenyewe. Hivyo ndivyo anavyosimulia. Dereva anasema alishuka kama watu wote.

Silvano ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alizaliwa upande wa pili wa ziwa, wazazi wake walipokuwa ukimbizini Tanzania, akarudi Rumonge na Kiswahili kilichonyooka na kichwa kilichojaa mipango. Miaka minne iliyopita, ziwa lilipopanda, watu wengine walilia, wengine walisali, wengine walihama na mabati yao vichwani. Silvano alisimama ufukweni, akautazama mtaa wa wavuvi ulioingia majini na kuta zake bado zimesimama, akasema: hapa pana hoteli. Akatafuta chupa za hewa, miwani ya kuzamia, na viatu vya mpira vinavyomfanya mtu aende kama bata mjamzito. Watu wakamcheka. Sasa hivi kila kiangazi magari yanatoka Bujumbura yamejaa, maana maji ya Tanganyika ukidondosha sindano unaiona inavyotafuta pa kulala, na mgeni akishuka humo anaona kuta, mafiga, choo cha mtu, na samaki wa rangi zote wanaoingia madirishani wakiwa wamebeba watoto wao midomoni. Wageni wasipozama hulala juani. Upande huu wa kamba wamelala wageni, upande ule wanawake wameanika ndagala, dagaa wa ziwa. Mchanga ni ule ule na jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba ndagala hugeuzwa na wenyewe, wageni hujigeuza.

“Mama,” Silvano alisema, akavuta kiti akakaa, kwa kuwa kusimama hakukumsaidia. “Mimi nakuheshimu. Mama yangu Clotilda alikula chumvi yako. Lakini sheria ya mwalo wa wavuvi unaijua kuliko mimi. Kilichookotwa ziwani ni cha mwokotaji. Kasia ni la mwokotaji. Boya ni la mwokotaji. Hata mtumbwi uliokatika kamba, ukiukuta unaelea, ni wako.”

“Boya!” Bi Fahima alipiga kofi juu ya mbao. “Scovia, umusikie patroni wako. Mulango wa muninga anaufanya boya. Ebu uutupe majini, Silvano, kama utaelea mimi nitakubali kuwa muke wako wa pili.”

Scovia, msichana anayehudumia mezani, aliweka trei usoni ili tajiri yake asione meno yake.

“Sitaki mke wa pili,” alisema Silvano.

“Na mimi sitaki mume anayekulia juu ya mulango wa wenyewe.”

Mlango ule haukuwa wa kuelea kweli. Bakari, marehemu mumewe, aliutengeneza mwaka waliooana, wakati huo akiwa fundi kijana asiye na kitu isipokuwa randa na maneno matamu. Ukimsikiliza Bi Fahima, gogo lake lilikuwa zito hivi kwamba lori lililolileta lilipofika Rumonge lilikuwa limekuwa fupi. Wanaume wanane waliubeba mlango kutoka karakana hadi nyumbani. Siku hiyo mtaa wote ulisahau kumtazama bibi harusi, wakawa wanautazama mlango, naye badala ya kuona wivu akajisemea: huyu aliyenifungia mlango namna hii hatamfungulia mwanamke mwingine. Na kweli hakumfungulia. Nyuma ya mlango huo alizaa watoto watano. Mbele yake alikaa miaka thelathini na kitu akiuza ndagala, kakopo kwa kakopo. Kulikuwa na wateja waliokuja kununua wakasahau ndagala zenyewe, wakarudi makwao na hadithi. Aliwaambia kuna samaki mmoja, kuhe mzee aliyefuga ndevu, anayekuja kila Ijumaa kuulizia hali ya soko. Aliwaambia kiboko aliyepita usiku alimwegemeshea mlango uliokuwa umeachwa wazi, kwa adabu. Shule hakuingia hata kwa kupitia dirishani, lakini hakuna mtu mwaloni aliyewahi kumpunja, wala aliyewahi kumnyamazisha.

Halafu Bakari akaugua. Siku moja, akiwa amekonda kama msumari, alimwita Faridi, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza kazi kwake, wakaushusha mlango na kuulaza uani. Bakari akachora mraba katikati yake, kimo cha kifua cha mkewe.

“Unaharibu mulango, mume wangu,” Bi Fahima alimwambia.

“Mwaka huu siumalizi, Fahima,” Bakari alimjibu, bila kuinua macho. “Na mimi nikiondoka utakaa eda. Miezi minne na siku kumi hutoki nje. Utakula nini?”

Akakata kidirisha, taratibu, akipumzika kila baada ya mivuto miwili mitatu ya msumeno, Faridi ameshikilia ubao. Akakitia kifuniko chenye bawaba ndogo. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho duniani. Na eda ilipokuja, Bi Fahima alikaa ndani ya nguo nyeupe, mlango umefungwa kama dini inavyotaka, na mkono wake mmoja ukawa unatoka kidirishani na kopo la ndagala. Hakulala njaa hata siku moja. Wateja walizoea mkono ule hadi wengine wakawa wanausalimia peke yake.

Ndiyo maana Faridi alikuwa ameshika msumeno tangu asubuhi na msumeno haujaonja mbao.

“Patroni,” alisema sasa, akikuna shingo, “kukata tunaweza. Lakini ukikata ncha hizi mbili, kidirisha kitakuwa katikati ya meza. Chakula kitaanguka chini.”

“Tutaweka kioo juu.”

“Kioo kitavunjika.”

“Faridi, wewe ni fundi wangu au ni wakili wake?”

“Mimi nilishika huo ubao, patroni,” Faridi alisema.

Bi Fahima hakumtazama. Alikuwa anapapasa gamba lililokuwa limeufunika mlango. Miaka minne ndani ya ziwa ilikuwa imeuvika koti la chokaa gumu kama simenti, lenye konokono wadogo walioganda humo kama vifungo. Silvano alikuwa ameshakataza mtu yeyote kulibandua, kwa sababu gamba ndilo lililowafurahisha wageni. Kitasa kilionekana kidogo tu, tundu la ufunguo likiwa limezibwa na kitu chekundu-cheusi, na ukingo wa mlango pale ulimi wa kitasa unapotokea ulikuwa nundu moja ya chokaa.

“Silvano mwanangu,” alisema, na sauti yake ilikuwa tamu ghafla. Anayemjua angekimbia. “Hiyo sheria ya mwalo, mama yako alikufundisha nusu tu?”

“Nusu ipi?”

“Sema yote. Kinachoelea ni cha mwokotaji. Halafu?”

Silvano alikohoa. Baba yake alikuwa mvuvi, na nusu ya pili kila mtoto wa mwaloni anaimeza pamoja na uji. “Halafu… kilichofungwa ni cha mfungaji.”

“Eeeh! Mungu akuzidishie. Mutu akifunga nyavu yake kwenye jiwe, fundo likiwa bado limekaza, unaigusa?”

“Haiguswi.”

“Akiwa amesafiri?”

“Haiguswi.”

“Akiwa amekufa?”

“Wanaingoja familia yake, mama. Najua.”

“Kwa sababu gani?”

“Kwa sababu aliyefunga ni mtu anayekusudia kurudi.” Silvano aliyasema haraka haraka, kama mtoto anayekariri. Kisha akatulia, na uso wake mnene ukafunguka polepole. Alikuwa amepata kitu. “Lakini wewe hukufunga, mama.”

“Nani amesema?”

“Wewe mwenyewe! Ulisimulia soko zima. Scovia, hukusikia? Bi Fahima alisimama katikati ya wauza mawese akasema: ziwa lilipokuja nililiachia mlango wazi, nikaliambia karibu mgeni, chai iko jikoni. Watu wakacheka siku tatu. Mimi mwenyewe huwa nawasimulia wageni wangu kabla hawajashuka.”

Upepo wa ziwa uliingia, ukazungukazunguka kwenye chupa tupu, ukatoka.

Bi Fahima alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. Ni kweli alisimulia hivyo. Tatizo ni kwamba hakusimulia hivyo tu. Siku ile ameisimulia kwa namna tisa. Kuna ile ambayo alitokea dirishani na jogoo kwapani. Kuna ile ya kiboko aliyemtolea godoro. Kuna ile ambayo maji yalibisha kwanza, yakangoja, yakavua viatu. Kila aliyemuuliza kwa huruma, “Pole mama, ilikuwaje?”, alimpa mpya, kwa sababu huruma ya watu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kicheko ndicho kitonge cha ugali cha kuushushia. Sasa amefikia mahali ambapo yeye mwenyewe akitafuta ile siku anazikuta zote tisa zimekaa kwenye benchi moja, zimevaa vizuri, kila moja inasema: mimi ndiyo. Je, alifunga? Ufunguo anao, lakini ufunguo ungekuwa naye vyovyote vile, haujawahi kumtoka. Alitafuta kichwani, akaona maji tu.

Lakini mtu hakai juu ya mlango tangu saa tatu halafu aonyeshe kwamba hajui.

“Patroni wa hoteli,” alisema, “wewe ni mutu mukubwa. Kesi yako unaiweka juu ya maneno ya mwanamuke wa sokoni? Mimi hata umri wangu nimesema uongo mbele ya karani wa ofisi ya komini. Tuuulize mulango.”

“Mlango unasema?”

“Huu unasema kuliko wewe.” Akashuka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akavaa kandambili zake, akafungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa gumu, na alilifungua kwa meno. Akatoa ufunguo wa shaba, mrefu kama kidole cha kati, umeng’aa kwa kushikwashikwa. Miaka minne Kizuka mkwewe Shadia amekuwa akimtania: mama, unatembea na ufunguo wa nyumba ya samaki, siku moja watakuja kukudai. Nyumba aliyojengewa na mwanawe Nasiri kule Kizuka ni nzuri, ina vyumba viwili na mgomba nyuma, lakini mlango wake ni wa bati, ukibisha unalia kama sufuria. Bi Fahima hajawahi kusema neno baya juu ya mlango huo. Amekuwa tu anaushika ufunguo mwingine.

“Musikilize,” alisema. “Kitasa cha Bakari kinafunga mara mbili, na kufungua ni kuelekea kulia. Nikizungusha kulia na kama mulango ulikuwa wazi, hakuna kitakachosogea, maana ulimi uko ndani tayari. Utakata meza yako na mimi nitakula mukeke juu yake, nilambe na vidole. Lakini kama nilifunga, ulimi uko hapa, ndani ya hii nundu, na utarudi nyumbani mbele ya macho yako. Unakubali?”

Silvano aliiangalia nundu ya chokaa. Akaliangalia tundu lililoziba. Miaka minne majini, alifikiri, hata kama ulifungwa, kitasa gani kitazunguka? “Nakubali,” alisema. “Scovia shahidi.”

“Ego, ndiyo,” aliitikia Scovia.

“Basi leta mawese ya moto, binti yangu. Yale unayokaangia. Kikombe kimoja.”

“Mawese ya nini?”

“Unaona hiki chekundu kilichoziba hapa? Nusa.”

Silvano aliinama, akanusa. Akanyanyuka taratibu. Mtu wa Rumonge hawezi kukosea harufu hiyo, hata ikizikwa. Ni mawese, yaliyoganda yakawa magumu kama nta.

Na Bi Fahima, aliponusa baada yake, alihisi kitu kimemgusa kwenye vidole. Si kichwani, vidoleni. Ubaridi wa maji kwenye miguu, na utelezi huu mwekundu kwenye kidole gumba na cha shahada. Alipokea kikombe kutoka kwa Scovia kwa kitambaa, akashukuru, murakoze, kama mtu aliyeletewa chai, akamwomba Faridi na Silvano wausimamishe mlango.

Waliusimamisha, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakihema. Ulisimama payoteni, wima, bila ukuta, bila nyumba, ukiwa umeelekea ziwani, na kidirisha chake, kilichokuwa kimepoteza kifuniko majini, kikaonyesha kipande cha mraba cha bluu. Silvano alishangaa uzito wake.

“Lameki alihangaika nao siku mbili,” alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujisifu akaendelea pale ambapo angenyamaza. “Alisukuma kwa bega, akasukuma kwa miguu, haukusogea hata kidogo. Ikabidi ang’oe bawaba kwa nondo.”

“Ulikataa kusogea?” Bi Fahima aliuliza, akimimina mafuta ya moto tunduni, tone kwa tone.

“Kabisa.”

“Mulango ulio wazi ukakataa kusogea. Ajabu ya mwaka.”

Faridi alianza kutabasamu.

Ile nta nyekundu ililainika, ikatoa machozi, ikaanza kushuka kwenye gamba kama mstari wa hina. Bi Fahima aliingiza ufunguo. Uliingia nusu, ukakwama. Akautoa, akaupangusa kwa kanga, akamimina tena. Ulikuwa mkono ule ule uliotoka kidirishani miezi minne na siku kumi. Akaingiza. Uliingia wote. Akazungusha kulia.

Haukusogea.

“Mama,” alisema Silvano kwa upole wa kweli, “si lazima—”

“Nyamaza, kinasikiliza.”

Akauegemea mlango kwa bega, karibu na kitasa, akauinua kidogo kwa goti, kwa namna ambayo hakuna mtu aliyefundishwa, kwa namna ya mwanamke aliyeufungua mlango huo mara elfu ishirini akiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Akazungusha tena.

Krak.

Nundu ya chokaa ilipasuka. Kipande kikubwa kama nusu ya andazi kilianguka kwenye kiatu cha Silvano, na konokono wawili juu yake. Ndani ya ufa ulionekana ulimi wa shaba, mnono, mwekundu kwa mawese, umetoka nje hadi mwisho kabisa. Na huku wote wanne wanautazama, ulirudi ndani hatua moja. Bi Fahima akazungusha mara ya pili. Krak. Ukaingia ndani, ikabaki kuonekana ncha tu, kama ulimi wa mtu aliyemaliza kusema.

“Mara mbili,” alisema Faridi. “Aliufunga mara mbili.”

Hapo ndipo namna ya kumi ya siku ile, ile ya kweli, ilipomjia Bi Fahima, akaikumbuka. Haikuwa na kiboko wala jogoo. Nasiri alikuwa nje anamwita, mama twende, mama maji. Maji yalikuwa yamefika magotini. Yeye alirudi ndani kuchukua chupa ya mawese jikoni, akatoka, akafunga, akazungusha mara mbili, akajaza kitasa mafuta mpaka yakafurika mikononi, ili kisishike kutu. Ili siku akirudi kifunguke. Ilikuwa hadithi fupi, haina kichekesho, na kwa sababu hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

“Mimi nilijua,” alisema kwa sauti kubwa. “Hamukunisikia nikisema? Nilisema tangu saa tatu.”

Silvano alipangusa kiatu chake. Alikuwa ameshindwa na alijua, lakini mtu wa mipango hafi na mpango mmoja. “Sawa, mama,” alisema. “Kilichofungwa ni cha mfungaji. Mlango ni wako. Sikatai mbele ya shahidi. Faridi, weka msumeno chini.”

“Uko chini tangu zamani, patroni.”

“Lakini sikia, mama yangu. Huko Kizuka nyumba yako ni ya futi ngapi? Mlango huu hautaingia. Utabomoa ukuta wa Nasiri.”

“Nasiri atajenga mwingine. Ukuta unafuata mulango. Ulisikia wapi mulango unafuata ukuta?”

“Basi uuache hapa, wima hivi hivi, mzima. Faridi ataujengea fremu. Wewe uje siku za wageni, ukae hapo, uwasimulie. Kiboko, kuhe mwenye ndevu, vyote. Watu watatoka Bujumbura kwa ajili yako.”

“Mimi? Nikae nikianikwa na wageni wako kama ndagala?”

“Kivulini, mama. Kivulini!”

“Umesikia, Faridi? Ananitoa ndani ya nyumba yangu asubuhi, mchana ananiajiri niwe mulinzi wake.” Lakini jicho lake moja lilikuwa limeanza kupima payote, upande upi una upepo, upande upi kiti kingekaa. Asubuhi ile ile alipofika alikuwa ameshaongea na mgeni mmoja mchangani, binti anayeitwa Kaoutar, aliyezaliwa Ulaya na wazazi wa Bujumbura, Kiswahili chake cha kuokoteza, akiwa anafungwa chupa ya hewa mgongoni. Binti alimwonyesha majini akamuuliza kama ni kweli kule chini kuna nyumba. Bi Fahima akamjibu: iko yangu. Chupa ya nini, mimi nashuka kwa pumzi moja na kupika chai humo. Wewe shuka, tembea, lakini uwe na adabu. Kwetu hatuingii mulango wa mutu bila kupiga hodi na kuitikiwa. Binti akarudia neno hilo mara tatu, hodi, hodi, hodi, akashuka na Lameki akilishikilia kinywani pamoja na mpira wa hewa.

“Nisikilize vizuri, Silvano,” Bi Fahima alisema sasa, mkono mmoja ukiwa bado kwenye ufunguo. “Kwanza, mulango wangu haukai mahali pa makreti ya bia. Pili, mutu akipita kwenye huu mulango atapita kama mutu, si kama kuku. Tatu, hayo maneno ya kwamba nililiachia ziwa—”

Ngo, ngo, ngo.

Wote waligeuka. Upande wa pili wa mlango, upande wa ziwa, palikuwa na miguu miwili yenye viatu vya bata, maji yakichuruzika kwenye mchanga. Payote haina ukuta hata mmoja. Angeweza kuzunguka kushoto, angeweza kuzunguka kulia. Uso wa Kaoutar ulitokea kidirishani, umelowa, miwani imesukumwa kwenye paji, alama ya mpira imemzunguka macho.

“Hodi?” alisema.

Silvano alifungua mdomo amkaribishe, maana hoteli ni yake, na payote ni yake, na mgeni ni wake. Akaufumba. Akamgeukia Bi Fahima, aitikie mwenye mlango.